Fuvu la Olduvai na Verbal ya GRE

Kila ikifika Septemba, watu wanapoanza kukimbizana na barua za mapendekezo na nakala za matokeo kwa ajili ya maombi ya vyuo vya Marekani, faili moja huanza kuzunguka WhatsApp. Ni PDF ya maneno ya Kiingereza, elfu tatu na kitu, yamepangwa kwa alfabeti, kila neno na maana yake fupi pembeni. Nakala niliyonayo imepitia mikono mingi. Kuna aliyepiga mistari ya njano hadi mwisho wa herufi C, mwingine akapokea kwa bluu akaishia katikati ya D, kisha kurasa zinabaki nyeupe mpaka Z. Sijawahi kuona nakala yenye mstari hata mmoja kwenye herufi M.

Kijana mmoja wa ofisini kwetu, anayetaka kwenda kusomea uzamivu wa takwimu, aliniuliza mwaka jana: "Dada, hii nikiimeza yote, Verbal itatoka?" Nilimjibu kwa kirefu kuliko alivyotarajia, na chai yake ikapoa. Haya ndiyo niliyomwambia, na mengine ambayo sikupata nafasi ya kumwambia kwa sababu bosi aliingia.

Kwa asiyeujua, GRE ni mtihani unaotungwa na shirika la ETS la New Jersey, Marekani. Vyuo vingi vya huko, na baadhi vya Ulaya, huutumia kuchuja waombaji wa shahada za uzamili na uzamivu. Una insha, una hesabu, na una sehemu ya lugha inayoitwa Verbal. Hesabu na lugha kila moja huhesabiwa kuanzia 130 hadi 170. Tangu janga la Uviko-19 idara nyingi zimeacha kuudai au zimeufanya wa hiari, kwa hiyo kabla hujatoa hata senti fungua ukurasa wa idara unayoitaka usome masharti yake. Katika nchi nyingi ada ni dola 220, na kwa shilingi yetu hiyo ni zaidi ya nusu milioni. Hesabu zake hazimtishi aliyepita PCM, mchepuo wa fizikia, kemia na hesabu. Ni za sekondari, zimevalishwa mitego. Wengi wetu tunakwama kwenye Verbal.

Jambo ambalo ile PDF haisemi ni umri wake. Orodha za namna hiyo zilitungwa kwa ajili ya mtihani ambao haupo tena. Hadi katikati ya mwaka 2011, GRE ilikuwa na maswali ya vinyume: unapewa neno moja tupu, bila sentensi, unaulizwa kinyume chake ni kipi kati ya matano. Ilikuwa pia na maswali ya mlinganisho, neno hili kwa lile ni kama lipi kwa lipi. Hapo aliyemeza orodha alikuwa na silaha kweli. Agosti 2011 ETS wakayafuta yote mawili. Septemba 2023 wakaupunguza mtihani wenyewe hadi saa 1 na dakika 58, na Verbal ikabaki na maswali 27: 12 ya kwanza kwa dakika 18, kisha 15 kwa dakika 23. Karibu nusu ni ya kusoma vifungu, na yaliyobaki ni ya kujaza nafasi zilizoachwa wazi ndani ya sentensi. Hakuna tena mahali ambapo neno linasimama peke yake. Orodha lakini zimebaki, zinarithishwa kama madesa ya mwaka wa kwanza, na kila kizazi kinachopokea kinadhani ndiyo silabasi.

Nikupe swali la namna ile, kwa Kiswahili, uone linavyofanya kazi.

"Ingawa mzee Salimu alisifika mtaani kwa ______, siku ya mkutano alishika kipaza sauti tangu adhuhuri mpaka magharibi."

Chagua: ukarimu, ucheshi, ukimya, busara, ukali.

Umeshajibu. Hukuhitaji kumeza chochote. "Ingawa" ilikwambia sentensi itageuka, na sehemu ya pili ikakwambia inageukia wapi. Mtunzi wa GRE anafanya hivyo hivyo, ila anaficha ile "ingawa" ndani ya kitenzi au nukta mkato, anaongeza nafasi ya pili na ya tatu, na ukikosa moja umekosa swali zima, hakuna maksi za huruma. Kuna aina nyingine ambapo unapewa maneno sita, uchague mawili yatakayoiacha sentensi na maana ile ile. Mtego wake ni mtamu: wanakuwekea maneno mawili yanayofanana kabisa ila hayaingii katika sentensi ile, na lingine linaloingia vizuri ila halina mwenzake. Aliyekariri orodha anaona mapacha wawili anayewafahamu, anawachagua kwa furaha, anaanguka.

Sasa tuongee kuhusu Kiingereza chetu. Aliyesoma shule ya serikali Tanzania amesoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza akakuta karibu kila somo limegeuka. Kiingereza anachokutana nacho kuanzia hapo ni cha aina moja, cha kufafanua na kuorodhesha. Fafanua osmosisi. Taja sababu sita za ukoloni. Hata chuo kikuu, kwa sisi wa sayansi, mambo hayabadiliki sana: slaidi zina vidokezo, madesa yana fomula, na ukipiga msuli vizuri unaweza kuhitimu bila kusoma aya ndefu mbili zinazofuatana. Katika miaka yote hiyo ni nadra kukuta kitabu kinachogombana na kitabu kingine. Vitabu vyetu vya shule vinatoa taarifa tu, utadhani hakuna mtu aliyewahi kuzibishia.

Vifungu vya GRE vimejaa ubishi. Wanavichukua kutoka vitabu na majarida ya sayansi, historia, sanaa, uchumi, wanavifupisha, na vingi vina umbo moja: wanazuoni wa zamani walidai hivi, fulani akaja na ushahidi tofauti, mwandishi anamkubali fulani nusu na nusu anamtilia shaka. Kisha unaulizwa, mwandishi ana msimamo gani juu ya lile dai la pili? Maneno yanayotuangusha ni ya ubishi huo wa heshima: "concede", "tenuous", "corroborate", "ostensibly", "purported". Kundi la pili ni maneno ya kupima tabia za watu, mropokaji, mkaidi, mnyenyekevu wa kujifanya. Dhana zenyewe wala si ngeni. Mtu aliyekulia uswahilini, akasikiliza vibaraza na misiba, anajua tofauti ya bahili na mchoyo, ya mbishi na mkaidi, kabla hajajua kusoma. Kiingereza cha darasani hakikumpa nafasi ya kuzisema.

Kwa hiyo nilipoamua kusoma kwa ajili ya GRE nilitafuta ugomvi. Nilitaka mmoja tu, nikae nao mpaka nimjue kila aliyemo. Wengi hushauriwa wasome kila kitu, leo makala ya siasa, kesho ya muziki, keshokutwa ya bahari. Ukifanya hivyo utafurahi, ila neno adimu ulilokutana nalo leo halitarudi hadi baada ya miezi, na wakati huo umeshalisahau. Ndani ya ugomvi mmoja watu wanajibizana. Anayejibu hulazimika kurudia maneno ya anayejibiwa, ili ayapinde. Stephen Krashen, mtaalamu wa ujifunzaji lugha, amekuwa akiupigia debe usomaji wa namna hii tangu miaka ya 1980: mada moja, waandishi wachache, kwa muda mrefu.

Ugomvi wangu ulikuwa wa chakula cha Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu.

Kila aliyesoma historia ya zama za mawe Tanzania anamkumbuka, angalau jina. Tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey aliona kipande cha fuvu kikichungulia ardhini huko Olduvai, siku ambayo mumewe Louis alikuwa amebaki kambini akiumwa. Fuvu lilikuwa na magego makubwa ajabu, na taya lililoonekana kuundwa kwa kusaga vitu vigumu, hivyo akabandikwa kwa Kiingereza jina la mvunja njugu. Shuleni tuliishia hapo: jina, mwaka, mahali, miaka milioni 1.75, funga daftari. Hakuna aliyetuambia kwamba jambo lile la njugu liliendelea kubishaniwa.

Mwaka 2008 watafiti waliochunguza mikwaruzo midogo kwenye meno yake kwa darubini walisema hawaoni dalili za mtu aliyekuwa akivunja vitu vigumu. Taya la kuvunjia njugu, meno yasiyo na alama za njugu. Mwaka 2011 wengine wakapima isotopu za kaboni kwenye enameli ya meno wakakuta kuwa sehemu kubwa ya chakula chake, zaidi ya robo tatu, ilitoka kwenye nyasi na mimea jamii ya ndago, au kwenye wanyama waliokula mimea hiyo. Mwaka 2014 mtafiti mwingine, akitumia takwimu za nyani wa Amboseli upande wa Kenya, akapendekeza kwamba huenda alikuwa akichimba vitunguu vya ndago. Na wapo waliosema ngojeni, mikwaruzo kwenye jino inaonyesha chakula cha siku chache za mwisho tu, hamwezi kujenga historia ya kiumbe juu yake. Nilijikuta nasoma usiku kama mtu anayefuatilia tamthilia.

Na maneno yakaanza kuja. "Purported" lilikuwa la kwanza kukaa kichwani bila kulilazimisha. Wanasayansi hawa hawawezi kumwita mwenzao mwongo, kwa hiyo wanaandika kuhusu "purported" hiki na kile, yaani kinachodaiwa tu, na ukiliona mara ya nne tayari unasikia sauti yake, ile ya mtu anayeinua nyusi. "Equivocal" lilikuwa la pili. Ushahidi wa meno ni equivocal, ushahidi wa taya ni equivocal. Daftarini niliandika "ushahidi wa ndiyo na siyo". Baadaye nikalikuta kwenye jaribio la mazoezi, mara hii limening'inizwa kwenye jibu la mwanasiasa aliyeulizwa swali la moja kwa moja. Sikuhitaji kukumbuka maana yoyote iliyoandikwa mahali. Nilijua ni jibu la mtu anayeegemea kote kote.

"Preclude" lilinipa taabu. Kwenye orodha limeandikwa maana ya kuzuia, na mtu anayelijua hivyo ataliweka kwenye sentensi ya polisi kuzuia maandamano. Kwenye makala za Zinj halikuwahi kumzuia mtu. Lilikuwa likifunga uwezekano: mikwaruzo haifungi uwezekano kwamba aliwahi kula vitu vigumu wakati wa njaa. Ukishaliona kwenye kazi yake mara kadhaa huwezi tena kulipeleka kwa polisi. Orodha haiwezi kukupa hilo hata ikiwa na maneno elfu kumi, kwa kuwa inakupa jina la neno bila kukuonyesha linatembea na nani.

Baada ya kusema hayo, lazima niwapinge pia wale wanaosema soma tu, maneno yatakuja yenyewe. Hawajafanya hesabu. Wanasaikolojia wa Marekani waliowachunguza wanafunzi miaka ya 1980 walikuta kwamba ukikutana na neno geni mara moja katika usomaji wa kawaida, uwezekano wa kulijua baadaye ni kama mara 1 katika 20. Mtoto mwenye miaka kumi ya kusoma mbele yake haoni tatizo. Mwenye mtihani mwezi wa kumi na moja analo. Kusoma kunakuletea neno, lakini lazima ulishike kwa mikono.

Nilivyokuwa nikishika ni hivi. Makala niliisoma kwanza moja kwa moja bila kugusa kamusi, penseli mkononi, nikiweka nukta tu pembeni ya mstari ulionigomea. Mara ya kwanza nataka kujua nani anasema nini na nani anambishia. Ukisimama kwenye kila neno hutajua kamwe. Mara ya pili narudi kwenye nukta, najaribu kukisia kwa kutumia sentensi jirani, naandika kisio langu, ndipo nafungua kamusi. Lile kisio lina kazi yake. Likiwa sahihi unafurahi, likiwa siyo unakasirika kidogo, na vyote viwili vinasaidia neno kukaa. Nilichonakili daftarini kilikuwa sentensi nzima kama ilivyo, na maana kwa Kiswahili chini yake pale ambapo Kiswahili kilikaa vizuri. Pasipokaa vizuri niliacha Kiingereza.

Kuhusu kamusi: zile za Kiingereza kwa Kiswahili ni nzuri kwa kupata mwanga wa kwanza, lakini kwa kazi hii tumia kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa ajili ya wanaojifunza, yenye mifano ya sentensi. Zipo za bure mtandaoni.

Kukisia lakini kuna masharti yake. Paul Nation, mtaalamu wa msamiati wa New Zealand, alikadiria mwaka 2006 kwamba ili usome riwaya au gazeti la Kiingereza bila msaada unatakiwa kujua maneno 98 kati ya kila 100, na kwamba hilo linahitaji jamii za maneno, yaani neno pamoja na vinyambuo vyake, kama 8,000 hadi 9,000. Maneno 98 kati ya 100 maana yake ni neno geni 1 katika kila 50. Ukurasa wa maneno 300 ukiwa na magumu sita, unaweza kusoma na kukisia. Ukiwa na ishirini, hapo husomi, unasota. Makala za kwanza za Zinj zilinizidi kwa istilahi za anatomia, nikaanza na taarifa za habari za sayansi zilizoeleza utafiti ule ule kwa watu wa kawaida, kisha nikapanda. Wewe wa sheria au uchumi utakuwa na ngazi yako nyingine.

Magazeti? Habari zetu za kila siku za Kiingereza zinakupa mwendo, na mwendo ni muhimu kwa sababu dakika 18 hazina mchezo, ila maneno ya GRE humo ni ya kuokoteza. Safu za maoni zinafaa zaidi. Wenzetu wa Nairobi wana waandishi wa safu wenye msamiati mzito kuliko wetu, ingawa mara nyingine uzito huo ni wa kujionyesha tu, na hilo nalo ni funzo la kusoma nia ya mwandishi.

Kwa sentensi ndefu nilikwenda mbali zaidi nyuma. Project Gutenberg, mradi ulioanza mwaka 1971, unatoa bure maelfu ya vitabu ambavyo hakimiliki yake imeisha, na faili la maandishi matupu la kitabu kizima halimalizi bando. Nilimchukua Darwin, kile kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu asili ya spishi, kwa sababu kilihusiana na ugomvi wangu na kwa sababu ya sura ya sita. Humo anaacha kujitetea, anaanza kujitungia pingamizi mwenyewe, moja baada ya nyingine, kali kuliko za wapinzani wake, kisha anajibu. Mtu anayekubali nusu ya hoja ya mpinzani ili ashinde nusu iliyobaki: hiyo ndiyo sarufi ya vifungu vya GRE. Sentensi zake zinakwenda mistari saba. Ukizizoea, kifungu cha mtihani kinakuwa kifupi.

Kuna kundi la maneno ambalo hakuna orodha inayokuonya vya kutosha, maneno tuliyoyajua tangu kidato cha pili. Qualify, kila mtu anajua ni kufuzu. Lakini mwandishi wa kifungu akiambiwa "qualifies her claim" maana yake amelipunguza makali dai lake, ameliwekea mipaka. Arrest ni kukamata, na pia ni kusimamisha kitu kisiendelee. Wanting si kutaka, ni kupungukiwa. Sanction ndilo baya kuliko yote kwa kuwa linaruhusu na linaadhibu, na sentensi pekee ndiyo itakayokwambia leo limeamka upande gani. ETS wanayapenda maneno haya, na wana haki: hayapimi kumbukumbu, yanapima kama uliwahi kusoma. Mimi niliyapa kurasa zake mwishoni mwa daftari, na mpaka leo nikikutana na lingine huwa naliongeza, sijui kwa faida gani.

Sasa kadi. Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885, kwa kujifanyia majaribio mwenyewe, jinsi tunavyosahau kwa kasi mwanzoni kisha polepole, na kwamba kurudia kwa kuachia nafasi kunashinda kurudia kwa mkupuo. Programu ya Anki inafanya hiyo hesabu kwa niaba yako: neno unalolijua inalirudisha baada ya siku nyingi, unalolikosa inalirudisha upesi. Kwenye simu za Android ni bure. Unaweza kupakua rundo za maneno ya GRE zilizotengenezwa na watu wengine, na hapo ndipo wengi wanarudi kwenye kumeza orodha, ila sasa kwa kidole. Kadi zangu zilitoka daftarini tu: mbele sentensi ya mwandishi ikiwa na pengo mahali pa neno, nyuma neno lenyewe. Nilizipitia kwenye mwendokasi, Kimara hadi Kivukoni, nimesimama, mkono mmoja juu. Makala ndefu haisomeki pale; kadi inasomeka hata kama kuna begi la mtu usoni mwako.

Swali la nitapata wapi makala ni la haki, maana majarida mazuri yana ukuta wa malipo. Lakini njia zipo nyingi kuliko tunavyodhani. Utafiti ule wa 2008 na ule wa 2014 uko kwenye PLoS ONE, jarida ambalo mtu yeyote anasoma bure. Ule wa 2011 uko PNAS, na huko makala nyingi hufunguliwa baada ya miezi sita. JSTOR, maktaba ya majarida mtandaoni, wanaruhusu kusoma idadi fulani ya makala kwa mwezi kwa kujisajili tu. Na kama bado uko chuoni, muulize mkutubi kuhusu Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi kama yetu majarida ya kitaaluma bure au kwa bei ndogo. Wanafunzi wengi wanahitimu bila kujua wakutubi wao wana funguo hizo. Pakua ukiwa kwenye intaneti ya chuo, soma nyumbani.

Mazoezi ya maswali fanya, lakini ya ETS wenyewe. Wana majaribio mawili ya bure yanayoitwa POWERPREP, yaliyo karibu kabisa na kitu halisi. Maswali ya kampuni nyingine mara nyingi ni magumu kwa maneno na mepesi kwa mantiki, kinyume cha mtihani, na yanakurudisha kwenye hofu ya msamiati. Jambo moja la kiufundi: kundi la pili la maswali huwa gumu au jepesi kulingana na ulivyofanya la kwanza, lakini ndani ya kundi unaweza kuruka swali na kulirudia. Niliruka vifungu virefu, nikajaza nafasi kwanza, nikarudi. Alama zangu hazikuwa za kutangaza redioni. Zilitosha nilikokuwa nakwenda.

Yule kijana alinijibu kwamba yeye mifupa haimpi hamu. Nikamwambia achukue ugomvi wa pwani, kwani babu yake ni wa Kilwa. Miaka ya 1960 wanaakiolojia kama Neville Chittick, aliyechimba Kilwa, walieleza miji ya Waswahili kwa kuweka mkazo kwa wahamiaji kutoka Uajemi na Uarabuni. Miaka ya 1980 wakaja wengine, Mark Horton aliyechimba Shanga akiwa mmojawapo, wakasema msingi ni wa Waafrika wenyewe wa pwani. Mwaka 2023 jarida la Nature likachapisha utafiti wa DNA za watu wa kale waliozikwa Mtwapa, Manda, Songo Mnara na kwingineko, ukionyesha mchanganyiko ulioanza kama mwaka 1000: upande wa mama kwa sehemu kubwa wa Kiafrika, upande wa baba kwa sehemu kubwa wa Kiajemi. Ubishi haukuishia hapo; wanaakiolojia, wanahistoria na wanajenetiki hawajaacha kuandikiana.

Humo atapata kila neno analolihitaji, na hasira ya kumfanya asome mpaka mwisho. Nilimwambia aanze na walioandika miaka ya 1960, aje nao kwa mpangilio wa miaka mpaka 2023, na asiruke tanbihi, kwa sababu wanazuoni wakitaka kusemana vibaya kwa adabu huenda kufanyia huko.